Harusi yenye kelele ukiwa umri umesogea: mwongozo kamili wa kwenda, kukaa na kuondoka kwa raha

Kadi imeletwa. Mtoto wa dada yako anaoa, sherehe ni Jumamosi ukumbini, na kabla hujafurahi vizuri umeshazikumbuka spika. Watu wengi waliovuka miaka 55 wananiambia maneno yaleyale: nilikaa na ndugu ambao sijawaona tangu msiba wa babu, tukatabasamiana usiku kucha, hakuna aliyemsikia mwenzake, nikarudi masikio yanalia. Kisha wanamaliza kwa kusema basi, tumezeeka, harusi hizi tuwaachie vijana.

Mimi nakataa kabisa. Nimekaa kwenye kamati za harusi hapa Dar es Salaam miaka mingi, na harusi iliyokosa wazee huonekana mapema: hakuna anayejua nani ni nani kwa nani, utambulisho wa familia unakwenda kombo, na bibi harusi anatafuta uso anaoufahamu kwenye meza za mbele haoni. Nenda. Ila nenda na ratiba yako mwenyewe ndani ya ratiba yao. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipanga, kuanzia siku unayopokea kadi hadi kesho yake.

Kwanza, jua kinachotokea sikioni

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mtetemo wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Umri unapokwenda, zinazotangulia kupungua ni zile zinazoshughulikia sauti nyembamba. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ni nene na zina nguvu, zinaendelea kukufikia. Konsonanti kama s, f, t, k, ch na sh ni nyembamba na dhaifu. Mtu akikwambia "Asha kafika" kwenye kelele, wewe unapata "a-a a-i-a", na inayobaki ni kazi ya kubahatisha. Ndiyo maana wengi husema, "Sauti naisikia, maneno ndiyo siyapati." Wako sahihi kabisa.

Sasa ongeza muziki. Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli, na mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ukumbi wenye DJ na spika kubwa unaweza kufika desibeli 100 bila shida. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Fanya hesabu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Sherehe zetu zinaanza jioni na kuishia saa 6 usiku.

Kwa hiyo unapohisi kelele imezidi, sikio lako linakupa taarifa ya kweli. Na kijana aliyesimama mbele ya spika naye anaumia, tofauti ni kwamba hajaanza kuhisi.

Kadi ikifika, piga simu mapema

Hatua hii ndiyo yenye faida kuliko zote, na wengi wanaiona aibu. Mambo ya kuuliza: ukumbi ni wa wazi au umefungwa? Maharusi wanaingia saa ngapi hasa, maana kadi ikisema saa 12 jioni wanaweza kuingia saa 2 au saa 3 usiku? Chakula kinatolewa kabla ya zawadi au baada yake? Na la muhimu zaidi, nitakaa wapi?

Hapa kuna jambo ambalo kamati nyingi hazilifikirii. Ndugu wa karibu hupangiwa meza za mbele kwa heshima, na spika nazo husimamishwa mbele, kulia na kushoto kwa meza kuu, zikiangalia ukumbi. Matokeo yake shangazi mwenye miaka 70 anakaa hatua chache kutoka kwenye spika, na marafiki wa chuo wa bwana harusi wanakaa nyuma kwenye utulivu. Heshima tuliyokusudia imegeuka adhabu.

Mpigie mwanakamati unayemfahamu, ukiweza wiki mbili kabla, chati ya meza haijafungwa. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo mjomba."
"Marahaba mwanangu. Poleni na maandalizi. Meza mmeshazipanga?"
"Bado tunamalizia, mjomba. Wewe upo mbele, meza ya familia."
"Nashukuru sana. Nina ombi: niwekeni pembeni, mbali na spika, karibu na mlango. Masikio hayataki tena kelele za karibu, na nataka niwepo hadi zawadi."
"Hakuna shida, mjomba. Tutawaweka na mama mkubwa palepale."

Sijawahi kuona kamati ikikataa ombi la namna hiyo. Sehemu nzuri ni safu ya pili au ya tatu pembeni, au usawa wa spika au nyuma yake kidogo. Sauti nyembamba huelekea mbele zaidi, hivyo ukiwa ubavuni au nyuma ya spika unapunguziwa ukali. Besi itakufuata popote, hiyo ivumilie.

Wiki ya harusi: andaa vitu vichache

Nunua vizibo vya masikio vya sponji. Vinapatikana kwenye baadhi ya maduka ya dawa na kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, kule wanakouza helmeti na glovu za mafundi. Kuna pia vile wanavyotumia wanamuziki, vya mpira laini wenye kichujio. Ni ghali zaidi lakini vinapunguza sauti zote kwa usawa, kwa hiyo maneno hayapotei sana. Ukivipata, chukua hivyo. Pamba isahau, haizuii vya kutosha.

Kizibo cha sponji kina namna yake ya kuvaliwa, na ukikosea hakifanyi kazi. Nawa mikono. Kisokote kati ya vidole hadi kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, ushike sehemu ya juu ya sikio na kulivuta juu na nyuma. Tundu la sikio linanyooka. Kiingize upesi, kisha kishikilie kwa kidole huku ukihesabu hadi 30 ili kivimbe kikiwa ndani. Kikiwa kimekaa vizuri, sauti yako mwenyewe utaisikia kama inatoka kifuani. Jizoeze nyumbani siku mbili tatu kabla, redio ikiwa wazi. Usisubiri kujifunzia ukumbini gizani. Ukivaa kilemba au mtandio hakuna atakayeviona, na hata vikionekana hakuna ubaya wowote.

Wanaotumia shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, waweke betri mpya au wachaji kikamilifu, na wamuulize fundi wao kama kifaa kina mpangilio wa sehemu zenye kelele. Vifaa vingi vya kisasa vinao. Kumbuka kwamba shimesikio lililozimwa halihesabiki kuwa kizibo. Muziki ukipanda sana, livue, liweke kwenye kikasha chake, kisha vaa kizibo.

Dawa nazo zina ratiba, na ratiba ya ukumbini haizijali. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge kama glibenclamide yuko hatarini sukari ikishuka, kwa sababu chakula cha saa 2 kinaweza kuja saa 4. Kula nyumbani kabla ya kutoka, chakula cha kweli, si chai na andazi. Beba juisi ndogo au pipi kwenye pochi. Kama unatumia dawa ya presha inayokukojoza, muulize daktari wako mapema kama siku hiyo unaweza kuimeza asubuhi na mapema. Usijibadilishie mwenyewe.

Viatu viwe ulivyovizoea. Na siku yenyewe lala mchana. Wazee wanaokwenda harusini wakitokea moja kwa moja kanisani, nikahani au kwenye kupika nyumbani kwa wazazi wanafika wameshachoka kabla DJ hajaanza.

Fika mapema kuliko kadi inavyosema

Saa ya kwanza ukumbini ni yako. Muziki uko chini, taa zimewaka zote, wazazi wa maharusi wanazunguka wakikagua meza. Mengi uliyoyafuata yafanyie hapo: wape wazazi pongezi, salimia wakwe, piga picha na ndugu, uliza nani kajifungua na nani kahamia Dodoma. Saa hiyo neno linasikika. Wanaofika maharusi wakiwa mlangoni wanaikosa, kisha wanatumia usiku mzima kuitafuta.

Kama kuna matarumbeta ya kuwaingiza maharusi, furahi nao lakini simama pembeni. Tarumbeta likielekezwa usoni kwako kwa karibu linaumiza, na vigelegele vinavyopigwa sikioni ni vivyo hivyo.

Ukishaketi, tazama kwa utulivu: choo kiko wapi, nyaya za DJ zimepita wapi, kuna ngazi kati yako na mlango? Ni busara tupu kufanya hivyo. Mboni ya jicho hupungua kufunguka kadiri umri unavyosogea na lenzi inakuwa nzito, kiasi kwamba mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi moja ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka 20. Taa kuu zikizimwa, zikabaki zile za rangi zinazozunguka pamoja na moshi wa jukwaani, waya uliokuwa unauona vizuri saa moja iliyopita haupo tena. Njia ichunguze ingali inaonekana.

Kaa ukiwa na ukuta mgongoni ikiwezekana, na mwanga uangukie nyuso za wenzako. Kama sikio moja ni zuri kuliko jingine, hilo ndilo lielekee kwa jirani. Meza ya watu kumi usijaribu kuiongelesha yote. Chagua wawili, wa kulia na wa kushoto, uwape muda wako.

Kuongea kelele ikiwa imepanda

Usimpigie mtu kelele sikioni, na asikupigie. Mdomo ukigusa sikio, makelele yake yanazidi hata spika. Mwombe akutazame, aseme taratibu, kwa sauti ya kawaida iliyopanda kidogo tu. Midomo inayoonekana inakurudishia zile konsonanti zilizopotea; ndiyo maana mwanga ni muhimu.

Ukikosa neno, uliza lile ulilolikosa. "Umesema kaajiriwa wapi?" inaleta jibu. "Eeh?" inaleta hotuba yote upya, na mara ya tatu mtu anakata tamaa na kusema "basi, tutaongea."

Hapa nasisitiza kwa moyo wote: usitikise kichwa kwa jambo ambalo hukulisikia. Kwenye harusi watu hukutana baada ya miaka, na habari zinazosemwa mezani si za furaha tupu. Mtu anaweza kukuambia mumewe hayupo tena, wewe ukatabasamu na kusema "vizuri, vizuri." Ukiona uso wa mwenzio hauendani na ulichodhani umekisikia, mshike mkono, mwambie, "Twende nje dakika moja, nataka nikusikie." Hiyo ni heshima kubwa kwake kuliko kukaa.

Simu nayo inasaidia. Fungua sehemu ya kuandika, kuza herufi, andika na umpe aandike. Vijana wenyewe wanafanya hivyo humohumo ukumbini.

Kila baada ya kama saa moja, toka nje dakika 10 hadi 15. Masikio yanapata nafuu, na miguu pia. Mara nyingi utakuta wazee wengine wameshafika kwenye viti vya bustanini, na maongezi ya maana ya usiku huo yanafanyika pale. Mwambie mtu wa meza yako ulipo, akuite maharusi wakianza kukata keki au ndafu ikiletwa.

Zawadi, kipaza sauti na kucheza

Muda wa zawadi ndio wenye kelele zaidi, kwa sababu kila kundi linaitwa na wimbo wake na watu wanaingia wakiserebuka kwa foleni. Kaa katikati ya foleni, usiwe wa mwisho. Wa mwisho ndiye anayekimbizwa na MC. Tembea kwa mwendo wako. Magoti yakikataa, mwambie mwanakamati mapema, MC awaite ndugu wawili watatu wenye umri kabla foleni hazijaanza, au maharusi waletwe mezani kwenu. Nimeona hilo likifanyika: bibi harusi na gauni lake lote amepiga magoti mbele ya kiti cha bibi yake, na ukumbi mzima ukasimama.

Kama utapewa kipaza sauti utoe nasaha, omba kwanza muziki uzimwe kabisa. Kishikilie umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, usikipeleke mbele ya spika kisije kikapiga mluzi. Dakika mbili zinatosha. Jitambulishe uhusiano wako, taja jambo moja la kweli kuhusu kijana wenu, wabariki.

Kuhusu kucheza, tafadhali cheza. Singeli huenda kasi, nyimbo zake nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, na hakuna sababu ya kushindana nayo. Aliyekulia enzi za Msondo, bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, au Sikinde iliyoanzishwa 1978, ana muziki wake wa dansi ambao DJ yeyote makini anao kwenye kompyuta. Mwandikie kwenye karatasi jina la bendi na wimbo, umpe mjukuu apeleke kwa DJ mapema, uombe upigwe mara baada ya chakula kabla vijana hawajavamia uwanja. Wazee wakisimama pamoja kusakata rumba, vijana huwazunguka wakiwapiga picha kwa simu zao.

Kuondoka

Panga saa ya kuondoka kabla hujatoka nyumbani, na usafiri uwe umeshasemwa na mtu. Kwa wengi, muda mzuri ni baada ya zawadi, muziki wa mwisho unapoanza. Waage wazazi wa maharusi na maharusi wenyewe, wengine watakuelewa. Usiseme "nimechoka", wala usikubali mtu akusemee "mzee keshachoka." Sema, "Nimefurahi, nimewaona, Mungu awabariki." Mwombe kijana mmoja akusindikize hadi kwenye gari, hasa kama kuna ngazi.

Kwa wanakamati mnaosoma hili

Kazi kubwa ya yote haya iko mikononi mwenu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya usikilizaji salama kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15, sauti ipimwe wakati wote, wageni wapatiwe vizibo, na kuwe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Harusi haihitaji kusubiri mkaguzi ili kuyafanya hayo.

Kwenye makubaliano na DJ andikeni jambo moja: wakati wa chakula muziki uwe chini kiasi cha watu kuongea bila kuinua sauti. Msiishie kumwambia kwa mdomo. Kinachotokea ukumbini ni mashindano: muziki unapanda, watu wanapaza sauti ili wasikike, DJ anasikia makelele ya watu, naye anapandisha tena. Mmoja wenu apakue programu ya kupima sauti kwenye simu, akae kwenye meza ya wazee na kupima pale, maana alipo DJ sauti ni tofauti. Vipimo vya simu si sahihi kabisa ila vinatosha kuonyesha hatari. Ikipita 85 wakati wa kula, ampe ishara. Wekeni pia viti kumi vya kuegemea kwenye veranda na mhudumu mmoja wa kuwapelekea vinywaji. Gharama yake ni ndogo kuliko maua ya meza moja.

Kesho yake

Siku inayofuata yaache masikio yatulie: redio chini, simu bila vipokea sauti. Wapigie wazazi wa maharusi mchana, wakishaamka. Watakusimulia yale ambayo MC alisema na hukuyapata.

Mlio wa masikioni au hali ya masikio kuziba baada ya kelele mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Ukiendelea zaidi ya hapo, nenda kliniki ya masikio, pua na koo upimwe. Na kama umeamka sikio moja halisikii kabisa au limefifia ghafla, usingoje siku mbili hizo wala usiweke mafuta ya nazi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.